Toronto ya Waasia: Tamasha la Filamu Ukumbini au Sherehe ya Mtaani?

Kuanzia theluji inapoyeyuka hadi inaporudi, jamii za Waasia wa Toronto huandaa shughuli nyingi kiasi kwamba mtu mwenye kazi za zamu na nauli ya kuhesabu hawezi kuzihudhuria zote. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 2,794,356 katika jiji hili, na karibu asilimia 47 kati yao walikuwa wahamiaji. Ukivuka mpaka wa jiji ukaingia Brampton, zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Asia ya Kusini. Ukienda Markham, karibu nusu wana asili ya Kichina. Ndugu na marafiki wazungumzao Kiswahili huniuliza swali lile lile kila mwaka: nikiwa na Jumamosi moja tu, niende kwenye tamasha la filamu au kwenye sherehe ya mtaani? Na kama ni filamu, tamasha lipi? Ninajibu hapa kwa kirefu, nikilinganisha yale ninayoyafahamu, na kipimo changu kikubwa ni kimoja: mgeni akifika pale, je, anapata nafasi ya kuzungumza na wenye shughuli, au anatazama tu na kuondoka?

Reel Asian na TIFF

Nianze na filamu, kwa kuwa ndiko uchaguzi unakowatatiza watu zaidi. Jina la TIFF, yaani Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, linajulikana hadi Nairobi na Dar es Salaam. Tamasha hilo lilianza mwaka 1976, hufanyika Septemba kwa siku 11, na tangu mwaka 2010 makao yake ni jengo la Lightbox kwenye kona ya barabara za King na John, katikati ya jiji. Filamu kubwa za Korea Kusini, Japani, India, Irani na Uchina huonyeshwa pale kabla hazijafika kwenye sinema za kawaida, na katika siku za mwanzo sehemu ya barabara ya King hufungwa kwa magari ili watu watembee kwa nafasi. Reel Asian ni tamasha dogo sana ukililinganisha na hilo. Lilianzishwa mwaka 1997 na mtayarishaji wa filamu Anita Lee pamoja na mwandishi wa habari Andrew Sun, hufanyika Novemba, na kazi yake ni kuonyesha filamu za Waasia walioko Asia pamoja na za watoto na wajukuu wa Waasia waliozaliwa Kanada, Marekani, Uingereza na kwingineko ughaibuni.

Tofauti ya kwanza utaiona mlangoni. Kwenye TIFF, tiketi za maonyesho yanayotajwa sana huisha mapema, na asiyewahi hupanga foleni ya dakika za mwisho akisubiri viti vitakavyobaki. Anaweza kusimama saa nzima au zaidi, kisha akaambiwa nafasi zimekwisha. Kwenye Reel Asian mtu hupata kiti kwa urahisi zaidi, na bei yake haimfanyi afikirie mara mbili. Tofauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito, ni kile kinachotokea taa zinapowashwa. TIFF nayo huwaleta waongozaji na waigizaji jukwaani, lakini ukumbi ni mkubwa, dakika ni chache, na wageni wale wanasubiriwa mahali pengine. Kwenye tamasha dogo, mwongozaji uliyemsikiliza jukwaani utamkuta baadaye kidogo kwenye korido, koti mkononi, akizungumza na wazazi wake waliokuja kuitazama kazi ya mtoto wao. Unaweza kusogea, ukawaamkia wazee kwanza kama ilivyo desturi yetu, kisha ukamwambia kijana yale yaliyokugusa katika filamu yake. Hakuna atakayekushangaa.

Kwa anayekwenda Reel Asian mara ya kwanza, ushauri wangu ni achague onyesho la filamu fupi badala ya filamu moja ndefu. Kwa tiketi moja anaona kazi tano, sita au zaidi za vijana mbalimbali, na ikiwa moja haimvutii, baada ya robo saa inakuja nyingine. Filamu hizo aghalabu hushughulika na mambo ya nyumbani: mtoto anayemtafsiria mama yake mbele ya daktari, duka la familia linalokaribia kufungwa, bibi ambaye kumbukumbu inampotea na Kiingereza chake kinaondoka nayo, akabaki na lugha ya utotoni ambayo wajukuu hawaijui. Mzazi wa Kikongo au Kitanzania anayelea watoto Scarborough, mashariki ya jiji, hahitaji kuelezwa mambo hayo, kwa sababu ndiyo anayoyaona sebuleni kwake. Nimeona watu wetu wakitoka kwenye maonyesho hayo wakiwa kimya kuliko walivyoingia, na njia nzima kwenye treni wakawa wanazungumza juu ya wazazi wao.

Reel Asian ina upungufu wake. Novemba ni mwezi mgumu. Saa zimekwisha kurudishwa nyuma, ikifika saa kumi na moja jioni ni giza, na upepo wa baridi humkatisha mtu tamaa ya kutoka nyumbani baada ya kazi. Filamu nyingine huwa ni za majaribio, hazina kisa cha kufuatilia, na aliyezoea hadithi yenye mwanzo na mwisho anaweza kuona amepoteza jioni yake. Soma maelezo ya kila onyesho kabla ya kununua tiketi. Lakini ikiwa ndani ya nyumba yenu kuna kijana anayeota kutengeneza filamu, mpeleke bila kusita, kwa kuwa tamasha hili lina mashindano ambamo watengenezaji hueleza wazo la filamu mbele ya majaji na watazamaji ili kuwania msaada wa kuitengeneza. Hata asiyeshindana hujifunza pale namna wazo linavyotetewa kwa dakika chache. Naye Anita Lee aliyeianzisha Reel Asian alikuja kuwa mkuu wa uteuzi wa filamu wa TIFF, na hilo pekee linatosha kumwonyesha kijana kwamba tamasha dogo si mahali pa kudharau.

Kwa kifupi, anayetaka kuona filamu bora ya mwaka kabla ya wengine na aende TIFF Septemba, akiwa na subira na fedha. Anayetaka kuwafahamu Waasia wanaoishi naye jiji moja na asubiri Novemba. Mimi ningesubiri.

Filamu za nchi moja, au za lugha nyingi

Yapo matamasha mawili mengine yaliyoanza mwaka mmoja, 2012, ambayo watu huyachanganya na Reel Asian ilhali yanatofautiana nayo sana. La kwanza ni Toronto Japanese Film Festival, linalofanyika Juni katika Kituo cha Utamaduni cha Wajapani wa Kanada, kando ya barabara ya Wynford, kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji. La pili ni IFFSA, tamasha la filamu za Asia ya Kusini, ambalo maonyesho yake huenda hadi Brampton na Mississauga waliko wapenzi wake wengi.

Tamasha la Kijapani linaonyesha filamu mpya kutoka Japani kwenyewe: za familia, za samurai, za kuchekesha, za katuni, zote zikiwa na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Sifa yake kubwa ni nyumba linamofanyikia. Mwaka 1942 serikali ya Kanada iliwaondoa Wajapani wapatao 22,000 kutoka pwani ya Bahari ya Pasifiki, ikawanyang'anya nyumba, mashamba na mashua zao, na haikuwaruhusu kurudi pwani hadi mwaka 1949. Wengi wao hawakuwa na cha kurudia, wakaja Toronto. Katika miaka ya 1960, familia 75 ziliweka nyumba zao rehani ili kituo cha kwanza cha utamaduni kijengwe, na aliyekichora ni Raymond Moriyama, msanifu majengo ambaye utotoni alikuwa miongoni mwa waliofungiwa kambini. Kituo cha leo kiko katika jengo jingine kubwa zaidi, karibu na lile la kwanza, lakini moyo wake ni ule ule. Watu walionyang'anywa nyumba wakathubutu kuziweka rehani nyumba nyingine ili wapate mahali pa kuwakaribisha majirani: mimi nikiingia pale kutazama filamu, hilo haliniondoki akilini.

Ndani, wanaokuongoza kwenye kiti ni wazee wanaojitolea. Wana utaratibu wao wa kunyamaza na kuwahi, kwa hiyo usichelewe. Na ikiwa Juni imekupita, kituo kina sherehe nyingine, na ile inayonigusa zaidi ni ya kutwanga mochi, vitafunwa vya wali wa kunata, majira ya mwaka mpya. Wali mzito wa moto humwagwa ndani ya kinu cha mti au cha jiwe. Mtu mmoja hupiga kwa nyundo kubwa ya mbao na mwenzake, mkono umelowa maji, hugeuza unga ule kati ya pigo na pigo, kwa mwendo unaofuatana bila kukosea. Nyundo hiyo wanaiita kine. Mtoto wa Kiswahili aliyewahi kuona mama na shangazi wakipokezana michi juu ya kinu kimoja atasimama pale na kuhesabu mapigo bila kujijua.

IFFSA ni hali nyingine kabisa. Hapa filamu ni za Kihindi, Kipunjabi, Kitamili, Kibengali, Kiurdu na lugha nyinginezo, watu huja wamevaa vizuri, nyota wa filamu hualikwa, na watazamaji hawajizuii kupiga makofi katikati ya picha. Kwa sisi tuliokulia pwani huku ni kama kurudi nyumbani. Wazazi wetu walivaa nguo za sikukuu kwenda Majestic ya Unguja, au Empire, Odeon na Avalon za Dar es Salaam, wakalia na kuimba pamoja na waigizaji wasioijua lugha yao, na watunzi wa taarabu wakaazima tuni za nyimbo za filamu hizo hadi wengine wakasahau zilikotoka. Mama aliyekuja kuwatembelea wanawe kutoka Tanga au Mombasa, asiyejua Kiingereza cha kusoma haraka kwenye skrini, atafurahi zaidi kwenye filamu ya Kihindi yenye nyimbo kuliko kwenye filamu ya kimya ya mwongozaji wa Kijapani. Kwa upande mwingine, ikiwa huna gari, maonyesho ya Brampton na Mississauga yatakuchukua saa nzima na zaidi kwa treni na mabasi, na onyesho la usiku litakurudisha nyumbani usiku wa manane. Angalia anwani ya ukumbi kabla ya kulipa. Usidhani kila kinachoitwa Toronto kiko Toronto.

Kati ya haya mawili siwezi kusema moja ni bora. Ninaweza kusema tu kwamba la Kijapani linampa mgeni utulivu na historia ya jamii moja, na la Asia ya Kusini linampa sherehe na kumbukumbu zake mwenyewe.

Barabarani

Sherehe za mtaani zina sifa ambayo hakuna ukumbi unaoweza kushindana nayo: kuingia ni bure. Baba mwenye watoto wanne hana haja ya kupiga hesabu ya tiketi sita. Mabasi na treni za TTC, shirika la usafiri la jiji, haziwatozi nauli watoto wa miaka 12 na chini, na mtu mzima akilipa nauli moja anaweza kubadili magari kwa muda wa saa mbili. Tangu Februari 2024 anaweza pia kuunganisha safari ya TTC na mabasi ya Markham, Brampton au Mississauga, au na treni za GO ziendazo nje ya jiji, bila kulipa nauli mbili. Chakula ndicho kinachomaliza fedha. Sahani ndogo ndogo za vibanda vya barabarani zinaonekana rahisi moja moja, lakini mkiwa sita mtashtuka jioni. Waliozoea hula nyumbani kwanza, kisha wakanunua vitu viwili vitatu vya kuonja.

Sherehe hizi nazo hazifanani. Taste of Asia ya Markham, inayofanyika mwishoni mwa Juni karibu na makutano ya barabara za Steeles na Kennedy, ni kubwa, ina majukwaa ya muziki na vibanda vingi vya vyakula vya Kichina na vya nchi jirani zake, na kituo cha treni cha Milliken kiko karibu. Taste of Manila ya Agosti, kwenye makutano ya Bathurst na Wilson, ni ya Wafilipino, na ina furaha ya kipekee, kwa sababu wengi wa wanaocheza pale ni wauguzi na walezi wa watoto na wazee ambao wiki nzima hukaa katika nyumba na hospitali za watu. Ukizungumza nao utasikia habari za fedha zinazotumwa nyumbani kila mwezi, jambo tunalolijua vyema. Muislamu ajue kwamba nyama ya nguruwe ni nyingi katika sherehe hiyo, aulize kabla ya kuagiza. Markham nako chakula huchanganyika. Sherehe ya Watamili huko Scarborough, kwenye barabara ya Markham, ilianza mwaka 2015 na hufanyika mwishoni mwa Agosti. Anayependa ngoma na viungo vikali aende.

Kwa watoto, hata hivyo, chaguo langu ni mashindano ya mashua za joka katika kisiwa cha Centre Island, mwezi wa Juni, yaliyoanza mwaka 1989. Mnapanda kivuko kutoka gati la Jack Layton mwisho wa barabara ya Bay, na kivuko chenyewe ni nusu ya raha. Kila mashua ina wapiga makasia 20, nahodha mmoja nyuma na mpiga ngoma mbele, aliyegeuka kuwatazama wenzake. Ukikaa karibu na maji unaona makasia 20 yakizama kwa pigo moja la ngoma, na timu ikichoka unaisikia kabla ya kuiona, kwa kuwa makasia yanaanza kugonga maji moja baada ya jingine. Kwa desturi ya Wachina, kabla ya mashindano macho ya joka hupakwa wino kwa brashi ili liamke. Watu wa pwani, ambao mababu zao walichora jicho kwenye omo ya mitepe na majahazi, wataona jambo wanalolielewa bila mkalimani. Ila fuatilia taarifa kabla ya kutoka nyumbani: mwaka 2017 ziwa lilifurika, visiwa vikafungwa, na mashindano yakahamishiwa bustani ya Marilyn Bell iliyo ufukweni, upande wa jiji.

Kwa kipimo changu cha mwanzo, sherehe za mtaani ziko chini. Muuza chakula mwenye foleni ya watu thelathini hana muda wa kukueleza mama yake alitoka kijiji gani. Umati ni mkubwa, muziki uko juu, na unaweza kurudi nyumbani umeshiba, umefurahi, na hujazungumza na mtu hata mmoja zaidi ya kusema asante. Hilo si kosa la sherehe. Ndivyo umati ulivyo.

Mtaa ulioanzia kwenye sinema

Mtaa wa Gerrard Mashariki unahitaji maneno zaidi, kwa sababu pale mgawanyo wangu wa ukumbi na barabara unavunjika. Mwaka 1972 mfanyabiashara Gian Naaz alichukua sinema ya zamani iliyoitwa Eastwood, akaipa jina la Naaz na kuanza kuonyesha filamu za Kihindi. Wahamiaji kutoka Asia ya Kusini walikuwa wachache na wametawanyika, hivyo walisafiri kutoka mbali kila mwisho wa wiki, na waliotoka kwenye filamu walitaka chai, chakula cha kwao, viungo, sari na nyimbo walizotoka kuzisikia. Maduka yakafunguliwa kushoto na kulia, hadi mtaa mzima ukawa soko, ambalo leo linaitwa Gerrard India Bazaar. Sinema haipo tena, lakini soko lipo, na majira ya joto barabara hufungwa kwa Festival of South Asia yenye ngoma, vyakula na wasanii wa nchi zote za ukanda ule.

Mwaka ule ule wa 1972, mwezi Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini, na Kanada ikawapokea zaidi ya 6,000. Baadaye wakafuatia wengine kutoka Tanzania na Kenya, na kwa hiyo Toronto ya Waasia ina Kiswahili ndani yake kuliko wageni wanavyodhani. Yako mahoteli hapa yanayouza mogo wa kukaanga na mishkaki kwa majina yale yale. Kwa hiyo, kati ya Markham na Gerrard, ninampeleka mgeni wa kutoka kwetu Gerrard, tena si lazima siku ya sherehe. Siku ya kawaida ni bora zaidi. Nyama ya halali ni rahisi kupata, wauzaji wana nafasi, na ukisema neno moja la Kiswahili ndani ya duka, yaelekea atakuwapo mtu atakayejibu.

Wynford, kwa siku nzima

Jumba la Makumbusho la Aga Khan, ambalo liko kwenye barabara ile ile ya Wynford kilipo kituo cha Wajapani, lilifunguliwa Septemba 2014. Wabunifu wake wenyewe ni somo: jumba lilichorwa na Mjapani Fumihiko Maki, kituo cha Waismailia kinachotazamana nalo kilichorwa na Mhindi Charles Correa, na bustani iliyo katikati ni kazi ya Mlebanoni Vladimir Djurovic. Ndani kuna zaidi ya vitu 1,000 vya sanaa ya Kiislamu, ukiwamo ukurasa wa Qur'ani ya buluu iliyoandikwa kwa dhahabu, na ukumbi wake huleta wanamuziki kutoka Afrika Kaskazini hadi Asia ya Kati. Ukilinganisha na matamasha, faida yake ni kwamba halikungoji mwezi fulani: Februari, barabara zikiwa zimelala chini ya barafu, milango yake iko wazi. Gharama ya kiingilio ni kubwa kidogo kwa familia, lakini bustani ni bure.

Nilikuwa nimekaa bustanini kando ya mabwawa yale ya maji meusi yaliyotulia, nikizungumza kwa simu na dada yangu aliyeko Morogoro, na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa kwenye benchi la pili akawa ananitazama. Nilipokata simu, akauliza, "Mwenyeji wa wapi wewe, mwanangu?" Nikasimama, nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Mimi mtu wa Morogoro." Akaitikia marahaba kwa namna ya mtu ambaye hajaitikia neno hilo siku nyingi. Alizaliwa Tabora, duka la baba yake lilikuwa si mbali na stesheni, na jambo la kwanza alilotaka kulijua ni kama embe za Tabora bado ni tamu. Tulikaa pale hadi baridi ikatuinua. Hakukuwa na tamasha siku ile, wala tiketi, na katika shughuli zote nilizohudhuria katika jiji hili hiyo ndiyo ninayoisimulia zaidi.

Uchague nini, basi

Mwenye watoto wadogo aende kwenye mashua za joka. Ukumbi wa filamu wenye tafsiri za kusoma utawachosha watoto na kuwaudhi majirani wa viti. Anayemtembeza mzazi aliyekuja kwa miezi michache ya joto ampeleke Gerrard siku ya kawaida, kisha, akipata filamu ya Kihindi yenye nyimbo, ampeleke huko jioni. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo atafute tiketi za wanafunzi za Reel Asian, na aulize kama tamasha linahitaji watu wa kujitolea, kwa kuwa wanaopanga viti na kukagua tiketi hukutana na kila mtu. Anayekuja Juni ana bahati kuliko wote: mashua ziwani, filamu za Kijapani Wynford na vibanda vya Markham vyote viko ndani ya mwezi mmoja, na makumbusho ya Aga Khan yako mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha Wajapani, hivyo siku moja inaweza kubeba mawili. Anayekuja Desemba au Januari asidhani amekosa vyote. Aulizie kutwanga mochi.

Na yule atakayechagua ukumbi mdogo, kama ninavyomshauri, akae viti vya katikati karibu na njia, mahali kipaza sauti kinapopita wakati wa maswali. Kikimfikia, ataje kwanza jina lake na alikotoka, ndipo aulize. Nimeona mara nyingi mwongozaji akimwacha mwendesha mjadala na kuinama mbele kumsikiliza vizuri aliyetoka Bukavu au Pemba, na baada ya maswali akamtafuta mlangoni ili naye amuulize ya kwao.